Nani Asikubebe

Kitale,
19 Januari 2025

Kwako dada yangu Peris,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi tunaendelea vizuri. Mahindi tumeyapukuchua yote, mbwa amezaa tena bila kuomba ruhusa, na wifi yako Viola amepona kikohozi, ingawa bado anakikumbuka kila nikimwomba chai.

Nakuandikia kwa sababu wewe kwenye simu husikii, na hii yangu ya tochi haitoshi kwa hasira niliyo nayo. Ivy alinipigia juzi. Anasema huko kwenu kulikuwa na siku ya majaribio. Kamati ya mafuriko iliwaita watu wote wenye ulemavu wa hapo bondeni ili wabebwe hadi ukumbi wa kanisa, ijulikane itachukua muda gani maji yakija kweli. Anasema mama yake, mwalimu mzima, hakutokea. Ati ulikuwa unaumwa na tumbo.

Peris, tumbo gani? Wewe ulikula githeri ya shule miaka thelathini na mitano ukifundisha, na hukukosa kazini hata siku moja kwa sababu ya tumbo.

Si unakumbuka mwezi wa nne mwaka jana? Mimi nakumbuka, na sikuwepo. Hasina jirani yako alikukuta umekaa juu ya meza, maji yamefika kwenye ubao wake, na ile baiskeli yako ya magurudumu matatu imeelea hadi kwenye migomba. Alikutoa kwa wilbaro akisaidiwa na wanawake wawili, mkaanguka mara mbili kabla ya kufika barabarani. Angechelewa nusu saa, ningekuja huko kukuzika. Nalisema hilo wazi kwa sababu wewe hupenda mambo yasemwe wazi, hasa yakiwa ya wengine.

Mvua ya mwezi wa nne inakuja. Watu wamekaa chini, wamepanga mahali pa kukimbilia, wamempa kila mtu mbebaji wake, na wewe unaumwa na tumbo. Niandikie uniambie ukweli.

Ni mimi kaka yako,
Jotham

Barua hii nimempa Wekoye, anayeleta viazi Bungoma kila wiki. Jibu lako mpe yeye.


Kanduyi,
2 Februari 2025

Kaka Jotham,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako baada ya kimya cha tangu Oktoba. Hata Krismasi hukuja, ukamwambia Ivy ni kazi. Nilikuwa nimekuwekea jogoo. Alikungoja hadi mwaka mpya, mwisho tukamla bila wewe.

Huku hatujambo. Jua ni kali, kisima cha Hasina kimeshuka hadi tunachota tope. Ivy bado anakwenda soko la Misikhu na nguo zake siku za soko, na watoto wake wamemaliza maembe yangu yote wakiwa mabichi. Matumbo yao ndiyo yaliyouma, kama unataka kujua.

Sasa nikujibu. Mpango wenyewe sina ubaya nao. Afisa anayeusimamia anaitwa Muturi, mtu wa Nyeri, mpole, anayeandika kila neno hata ukipiga chafya. Sisi anatuita "watu wanaoishi na ulemavu". Mimi nimeishi na wangu tangu polio iliponikuta nikiwa na miaka mitatu, na hatujawahi kugombania blanketi. Lakini kazi yake ni nzuri. Mlangoni mwa ukumbi wametengeneza njia ya mteremko. Wameweka choo cha kukalia chenye vyuma vya kushikilia. Wametenga magodoro, na wameandika nani anahitaji dawa gani. Jotham, katika maisha yangu yote sijawahi kuona mtu akifikiria choo changu kabla mimi sijafika. Siku ile aliponionyesha nilitoa machozi, nikasema ni vumbi.

Lakini sitaenda. Ukumbi una upepo. Mteremko nao ni mkali kidogo. Halafu wamenipa mbebaji ambaye hawezi kunibeba. Usiniulize ni nani, wala usimuulize Ivy. Ukimuuliza Ivy nitajua.

Ukitaka nibebwe, njoo unibebe wewe. Ulinibeba mgongoni kutoka nyumbani hadi shuleni miaka mitano, wewe ukiwa na miguu mitupu na mimi nimeshika kalamu zetu mbili, nikikuelekeza matope yako wapi. Hukuniangusha hata mara moja, isipokuwa ile siku ya nyuki, na hiyo nilikusamehe. Njoo ukae nami mwezi wa nne wote. Maji yakija, nitapanda mgongoni kwako kama zamani na kamati itapumzika.

Dada yako,
Peris


Kitale,
2 Machi 2025

Peris,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika, Wekoye hana kosa, ila imekaa hapa kando yangu wiki tatu nikitafuta nafasi.

Viola anakusalimu sana. Wale watoto wa mbwa tumewagawa wote isipokuwa mmoja ambaye hakuna anayemtaka, kwa hiyo amekuwa wetu. Mvua huku imeonja kidogo, watu wameanza kulima.

Kuhusu mwezi wa nne, kuna paa la shule hapa ambalo lazima liishe, na watu wa shule unawajua, si ulikuwa mmoja wao? Tuone mwezi wa tano. Najua, mwezi wa tano maji yatakuwa yameshapita, au yamekupitia wewe. Ndiyo maana nimefikiria jambo lingine.

Nitakutengenezea kiti. Kiti cha mbao nyepesi, chenye mahali pa kuegemea na mkanda wa kukufunga kiunoni, kikiwa na fito mbili ndefu pembeni. Watu wanne wanashika ncha za fito, wawili mbele na wawili nyuma, mabegani, na wewe unakaa juu bila kulowa hata kisigino. Hakuna atakayekupakata wala kukubeba mgongoni. Kama shida ni huyo mbebaji wako ananuka kikwapa, basi atakuwa mbali nawe.

Nitumie vipimo. Urefu kutoka goti hadi nyonga, upana wako ukiwa umekaa, na uzito. Uzito wa kweli, bana, si ule unaowaambia watu wa kliniki.

Samahani kwa mwandiko. Hapa ninapoandikia hapana meza.

Jotham


Kanduyi,
9 Machi 2025

Jotham,

Hatujambo. Goti hadi nyonga ni inchi kumi na saba. Upana ni inchi kumi na sita. Uzito ni kilo hamsini na tisa, nimepimwa kwenye mizani ya mahindi na Hasina akacheka hadi akakaa chini.

Sasa nisikilize. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na mitano. Mtoto akiandikia mezani, mstari hunyooka. Akiandikia magotini, huyumba. Barua yako mistari yote inapanda kwenda juu kulia, na wino unakatika kila baada ya maneno matatu, kwa sababu kalamu haitoi wino ikielekezwa juu. Barua hii imeandikwa na mtu aliyelala chali, ameshika karatasi hewani.

Fundi wa paa hulala chali mchana tangu lini? Na barua yangu ilikaa "kando yako" wiki tatu. Kando yako wapi, kitandani?

Nilikuita uje, ukaniletea habari za shule. Hukusema hapana, hukusema ndiyo. Niliumia. Sasa siumii tena, naogopa. Usinijibu kuhusu paa.

Peris


Kitale,
21 Machi 2025

Dada yangu,

Tuko hai. Leo sina habari za mbwa.

Novemba tarehe saba nilianguka kutoka kwenye paa la ghala. Halikuwa la shule. Paa la shule halipo kabisa, nilikudanganya. Nilikaa hospitali wiki tatu na nyumbani nimelala miezi miwili bila kugeuka peke yangu. Pingili mbili za mgongo zimekaa vibaya, na daktari amesema nishukuru kwa sababu miguu bado inasikia. Sasa natembea na fimbo hadi chooni na kurudi. Ndoo ya maji siwezi kuinua hata ikiwa nusu. Nikikaa zaidi ya nusu saa, lazima nilale tena. Ndiyo maana Krismasi sikuja, na ndiyo maana mwandiko wangu umekuwa ule uliousoma. Nilimkataza Viola asimwambie mtu. Ivy hajui.

Kwa nini sikukuambia? Peris, nyumbani kwetu watu walikuwa wakisema wewe ni macho ya Jotham na mimi ni mgongo wa Peris unaotembea. Walikuwa wanatania, lakini mimi nililichukua nikaliweka moyoni. Nimejenga nyumba za watu Kitale nzima, na kila nikipanda ngazi na mbao begani nilikuwa naona ni kazi ile ile ya kukubeba. Barua yako iliponiambia nije nikubebe kama zamani, nilifunika uso na shuka nikalia. Viola alidhani ni maumivu, akaniletea dawa, nikainywa.

Hivyo ndivyo ilivyo. Sikubebi tena. Nimelisema na bado niko hai, nilidhani nitakufa nikilisema.

Kiti kiko palepale. Nalala kwenye godoro hapa karakana, fundi mwenzangu anakata mbao, mimi napiga kelele.

Na sasa, kwa kuwa nimetoa langu, toa lako. Nani huyo mbebaji wako? Kama ni mlevi, sema. Kama alikutukana, sema, nitakuja na hii fimbo.

Jotham


Kanduyi,
30 Machi 2025

Kaka yangu,

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nililia, ya pili nikakasirika, ya tatu nikalia tena, ya nne nikaomba. Miezi minne umelala chali na mimi huku nimekasirikia jogoo! Ungeniambia. Mimi najua mambo ya kulala kitandani kuliko mtu yeyote unayemjua. Ningekufundisha jinsi ya kugeuka kwa shuka. Ningekuambia kwamba aibu ya kuoshwa na mtu mwingine huisha siku ya nane, na baada ya hapo unaanza kulalamika kuwa maji ni baridi. Mwambie Viola akuwekee mto chini ya magoti.

Nami nimeona, baada ya ukweli kama huo, kuendelea kuficha langu itakuwa ni kukudharau.

Mbebaji wangu ni Khisa, mume wa Ivy.

Sasa umeelewa, najua. Umefunga macho na kusema "wee!" Lakini Muturi hakuelewa, na angeelewaje? Yeye alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake akitafuta mtu mwenye nguvu aliye karibu na kila mmoja wetu. Akaona Khisa amenunua ploti hapa ng'ambo ya barabara, anabeba saruji mifuko miwili kwa mara moja, na tena ni wa familia. Akafurahi. Akaandika: Mwalimu Peris, mbebaji, Khisa. Akasoma majina kwenye mkutano, mbele ya mwenyekiti wa kamati ambaye ni mzee wa hapa hapa, na mbele ya akina mama wa kanisa wote. Mwenyekiti alikohoa, akaangalia dirisha. Ivy aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia ule mteremko nikaanza kuuona mkali.

Siku ya majaribio Khisa alikuja. Aliitwa, angefanyaje? Nilisikia hatua zake, nikajifunika blanketi hadi puani. Hakuingia. Alisimama mlangoni amegeuza mgongo, nikaona kivuli chake, akakohoa mara mbili. Mimi sikuitika. Yeye hakuita. Baadaye nikasikia amekwenda kuwaambia kamati kwamba mwalimu hayuko, ameenda kliniki na tumbo. Tumbo lile lilikuwa la Khisa, Jotham, si langu. Alinitungia uongo ili kuniokoa, na nikampenda sana yule mkwe siku ile.

Barua yako ilipofika nilikuwa na Hasina. Aliniona nalia, akauliza, nikamwambia habari zako, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema, nikamwambia na hili. Nilimweleza kwamba kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Si chuki. Ni heshima, na mtu aliyekua nayo miaka sitini haivui kama koti kwa sababu mvua imenyesha.

Hasina akanikodolea macho. Halafu akasema, "Wallahi mwalimu, mimi nilidhani umegombana na pasta." Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo hata ukifikishwa kanisani, ule ukumbi ni chumba kimoja. Khisa naye atalala hapo na watoto."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo utatoka."

"Nitatoka nikae kwenye mvua, au atatoka yeye."

"Na madrasa yetu je?"

Jotham, madrasa iko juu karibu na msikiti, nyumba ya matofali kwenye kiinuko, na mimi nimepita hapo maisha yangu yote. Ina milango miwili, mmoja wa wanawake na mmoja wa wanaume, na ukuta katikati kutoka mbele hadi nyuma. Hata vyoo ni mbalimbali. Hasina alikuwa ameshasimama anatafuta viatu.

Tulikwenda kwa Muturi siku hiyo hiyo, tukamkuta na mwenyekiti wa kamati. Nilimweleza kama nilivyoeleza Hasina. Masikio yaliniwaka moto, lakini nilieleza. Akasikiliza kalamu ikiwa hewani.

"Lakini mwalimu, haya ni maisha," akasema. "Maji yakiingia, si mtu anabebwa tu na yeyote aliye karibu?"

"Siku ya majaribio ulingoja watu wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Wakaja wangapi?"

Akafungua daftari. "Wanane."

"Na wale wengine?"

"Walisema wanaumwa. Mmoja alisema kuku wake wanatotoa."

"Huyo wa kuku haoni, na ulimpa mke wa mwanawe amshike mkono. Hawa hawaumwi, Muturi. Wana haya. Na mtu mwenye haya hatakuambia ana haya."

Halafu akamgeukia mwenyekiti, akamuuliza, "Mzee, mbona hamkuniambia?" Mwenyekiti akasema, "Hukuuliza. Na mambo hayo hayasemwi kwa mkutano, bana."

Basi Muturi, na hapa ndipo nilipomheshimu kabisa, hakubishana. Alichukua rula, akachora safu mpya kwenye orodha yake, karibu na ile ya mbebaji. Juu yake akaandika: Nani asikubebe. Akazunguka tena nyumba zote kumi na tisa. Safari hii alimwacha kila mtu amjibu peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Watu kumi na mmoja walikuwa na jina la kuandika. Kumi na mmoja, kaka! Wote tungezama kwa heshima.

Mwalimu wa madrasa, Hamdun, amekubali. Wameanza kutengeneza mteremko kwenye milango yote miwili. Mbebaji wangu mpya ni Nasir, kijana mkubwa wa Hasina, yule fundi wa pikipiki, na wenzake watatu. Harakisha kiti.

Dada yako,
Peris


Kitale,
12 Aprili 2025

Peris,

Nilisema "wee!" kweli, na nilikuwa nimefunga macho. Viola ni shahidi. Halafu nilicheka hadi mgongo ukanikataza.

Lakini baada ya kucheka nilikaa nikafikiri. Mimi ndiye niliyekuandikia kwa hasira, "tumbo gani?" Mimi, mtu wa kwetu, ambaye mama mkwe wangu alikuwa akija nyumbani natokea dirishani. Ningetulia kidogo ningejua. Nisamehe.

Ule mto chini ya magoti unafanya kazi. Kugeuka kwa shuka pia. Jana nilikaa dakika arobaini na tano.

Kiti anakuja nacho Wekoye juu ya viazi vyake. Nimekwambia kinahitaji watu wanne, usikubali watatu hata wakijisifu. Mkanda uufunge mwenyewe. Mahali pa miguu panakunjwa, usiwaache wapavunje wakidhani ni kasoro. Fundi mwenzangu alikaa juu yake na tukamzungusha karakana mara kumi. Hakikulia hata kidogo.

Utaona ncha za nyuma za fito ni ndefu kuliko za mbele. Wekoye aliuliza kama nilikosea kipimo. Sikukosea. Nimeziongeza makusudi, kwa sababu siku ya maji watu hukosekana, na huwezi kuchagua nani yuko karibu. Kama mtu ameshika fito futi tano nyuma yako, na wewe unaangalia mbele, sijui nani atasimama aseme amekugusa. Nimelala nikiwaza hilo siku tatu. Ndilo lililobaki kwangu la kukubebea.

Nimeona mawingu upande wa Elgon. Usingoje yafike.

Jotham


Kanduyi,
4 Mei 2025

Kaka yangu Jotham,

Ni mzima! Naanza na hilo kwa sababu najua redio imekutisha. Ni mzima, nimekauka, na naandikia mezani. Ivy na watoto wazima. Kuku wawili hawapo. Nyumba ina tope hadi dirishani lakini kuta zimesimama. Viola mwambie asante kwa sweta aliyonitumia pamoja na kiti.

Maji yalikuja Jumapili iliyopita, saa saba mchana, tukiwa tumetoka ibada. Safari hii tulikuwa na onyo. Filimbi ya kamati ilipigwa, hiyo mimi huisikia, na kabla sijamaliza kufunga mfuko wa dawa Nasir na wenzake walikuwa mlangoni na kiti. Nilifunga mkanda mwenyewe. Waliniinua mabegani, na Jotham, nikaona bonde lote kutoka juu. Sijawahi kuwa mrefu hivyo tangu uliponibeba.

Tulikwenda vizuri hadi kwenye migomba. Hapo maji yalikuwa yamewafika mapajani. Yule wa nyuma kushoto akatumbukia kwenye shimo, nikasikia amepiga kelele, mguu umeteguka. Kiti kikainama. Nikaona maji ya kahawia yakinijia usoni, nikasema moyoni, basi, ni hapa.

Halafu kiti kikanyooka.

Mtu alikuwa ameshika fito. Sikugeuka. Sikuhitaji kugeuka, kwa sababu alikohoa mara mbili, kikohozi kile kile cha mlangoni. Nikavuta leso nikajifunika kichwa, nikaangalia mbele. Naye alikuwa ameangalia pembeni muda wote, Nasir ameniambia baadaye, ameangalia migomba kana kwamba anaihesabu, na akakanyaga kila shimo la njia ile. Tulikwenda hivyo hadi barabarani.

Waliponishusha mbele ya mlango wa wanawake, Hasina alikuwa amesimama hapo akipokea watu. Nikasema kwa sauti, "Hasina, mwambie huyo aliyeshika nyuma, asante sana. Mungu ambariki."

Hasina akageuka. Khisa alikuwa hatua tatu kutoka kwake na alikuwa amesikia kila kitu. "Anasema asante sana," akamwambia. "Mungu akubariki."

"Mwambie mama hakuna neno," Khisa akasema. "Fito ni ndefu."

Akaenda zake kanisani kwa watoto wake. Nikaingia ndani, nikalia kwa furaha mbele ya wanawake wa Kiislamu kumi na watatu, nao wakanipa chai ya tangawizi.

Kaka, walikuja wote kumi na tisa. Hata yule wa kuku, na kuku wake kwenye kikapu. Tulikaa siku nne. Aliyeteguka mguu anaendelea vizuri. Muturi alikuwa anatembea kati ya kanisa na madrasa na daftari limelowa, anatabasamu peke yake.

Jana alikuja kupitia orodha upya. Kamati imemwaga changarawe kutoka mlangoni kwangu hadi lami, na Nasir amenitengenezea baiskeli yangu, ameosha cheni na kukaza kile kiti cha nyuma. Nikamwomba Muturi aandike mtu wa ishirini. Jina, Jotham. Makazi, Kitale, lakini huja Kanduyi. Hali, mgongo. Nani asikubebe, hakuna. Kwenye nafasi ya mbebaji nikamwambia aandike Peris.

Aliweka kalamu chini. "Mwalimu, si wewe mwenyewe unabebwa?"

Nikamwambia maji yakishaingia, ndiyo. Lakini filimbi ikilia mapema na njia ikiwa kavu, nina magurudumu matatu na mikono ya mtu aliyejivuta maisha yake yote. Nimejaribu na gunia la mahindi la kilo tisini. Nimefika madrasa kwa dakika kumi na sita, na sikuliangusha. Akaandika.

Basi mgonjwa wangu, daktari akikuruhusu, njoo. Jogoo mwingine nimeshamweka. Niandikie uzito wako, uzito wa kweli. Mimi nitakubeba. Wewe utashika kalamu zetu na kunielekeza matope yako wapi.

Dada yako,
Peris